Miguu kwanza, kelele baadaye

Kuna mwandishi anasema vijana wa chuo wa mpira wa kikapu wakitoka Dodoma kwenda kucheza Dar hawafungi kwa sababu ya kelele za mashabiki. Hapana. Mazoezi yao ni kiwanja cha nje, na upepo wa huku unawafundisha kurusha mpira chini chini. Mpira wa hivyo unaiona ringi nyembamba, unagonga mbele na kurudi. Halafu washuke kwenye basi baada ya kilomita zaidi ya 400 hadi Dar, jioni waingie uwanjani! Mtupo wa pointi tatu, wa mita 6.75, nguvu yake inatoka miguuni. Wafike siku moja kabla (treni ya SGR ipo), kila mmoja arushe mitupo huru (ile ya baada ya faulo) 50 kwenye ringi hizo hizo za Dar, na robo ya kwanza mpira uingizwe ndani, karibu na ringi, watafute faulo.