Biti kwenye amplifaya ya gitaa si dhambi

Mwambie fundi mitambo yeyote wa Tabora mjini kwamba unapitisha biti (mdundo wa drams na besi uliorekodiwa) ya pedali ya lupu, kile kifaa cha kukanyaga kinachohifadhi sauti na kuirudiarudia, kwenye amplifaya ya gitaa, atakukatiza kabla hujamaliza. Hiyo ni ya gitaa, atasema. Drams na besi peleka kwenye miksa na spika kubwa. Hoja anayo, ila ushauri wake unamfaa mwenye miksa na spika kubwa.

Ukweli wake ni huu. Spika ya gitaa haikutengenezwa itoe kila kitu. Celestion Vintage 30 ya inchi 12, iliyofungwa kwenye amplifaya nyingi, inaandikiwa masafa ya Hz (mitetemo kwa sekunde) 70 hadi 5,000, wakati sikio zima la kijana linafika takriban Hz 20 hadi 20,000. Matoazi ya drams yanapoteza mng'ao. Kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, inabaki kama kugonga meza. Tena gitaa na biti vinagombania koni moja (ile karatasi ya spika inayotetemeka), kwa hiyo ukiongeza sauti sana, kila kiki ikipiga solo nayo inayumba.

Hapo ndipo wengi hufunga mjadala, wakitaja waya mnene wa besi kuwa ushahidi wa mwisho: ukipigwa wazi unatoa Hz 41, na spika inaanzia 70, basi besi haipo. Hesabu hiyo imeachwa njiani. Waya ule hautoi Hz 41 peke yake. Humo humo zimo 82, 123, 164 na kuendelea, na sikio likizipata hizo linaijazia 41 lenyewe. Ndiyo maana mtu anasikiliza Tabora Jazz au Nyanyembe Jazz kwenye kispika cha simu, kisichoweza hata kuikaribia 41, na bado anaiimba besi noti kwa noti. Na 82 ni nini? Ni waya mnene wa gitaa lenyewe, noti ambayo amplifaya za gitaa huitoa kila siku. Kinachopotea ni ule uzito wa kifuani. Noti ipo, mapigo yapo, na mpiga solo anahitaji hivyo viwili kuliko vyote.

Halafu si kila lupu ni biti ya kupakua. Mpigaji akirekodi rizimu yake pale pale kwa mguu, akairudisha na kupandisha solo juu yake, kilichomo ndani ya pedali ni gitaa tupu. Ndivyo dansi letu lilivyojengwa tangu zamani, rizimu chini na solo juu. Lupu ya namna hiyo ukiipeleka kwenye spika kubwa bila kuiandaa, hasa ikiwa na disto (sauti ya gitaa iliyokwaruzwa makusudi), inatoka na ukali wa kukwaruza masikio. Kwenye amplifaya ya gitaa inakaa mahali pake. Hili fundi wangu halitaji kamwe.

Makelele mengi yanayolaumiwa spika ni makosa ya kuchomeka. Pedali ya lupu ikiwa mbele ya amplifaya iliyofunguliwa geini (kitufe cha kuzidisha nguvu ya sauti inayoingia), biti na gitaa vinapondwa pamoja. Ikiwa nyuma ya amplifaya kuna tundu la kurudishia efekti, yaani sauti iliyopita kwenye pedali, pitia hapo. Kama halipo, tumia chaneli safi, geini chini, na disto iwe pedali iliyotangulia lupu. Biti yenyewe iandaliwe kabla: igeuzwe mono (sauti zote kwenye njia moja), maana ukichomeka upande mmoja wa stereo unaweza kupoteza nusu ya vyombo, na ikatwe kila kilicho chini ya Hz 80 ili koni isihangaike na kisichosikika. Kiwango cha biti kipunguze kwenye kitufe cha lupu. Ukishusha sauti ya amplifaya unashusha na solo.

Anayeitwa kupiga gitaa kwenye baa ya Cheyo au ubarikio wa Ipuli anakwenda na bajaji moja: yeye, gitaa, amplifaya, begi la pedali. Anayemwambia akodi mziki, yaani miksa na spika kubwa, amwambie na nani atalipa, kwa sababu kodi hiyo inaweza kumeza ujira wote. (Wapo wanaosema lupu inamnyima mpiga besi kazi. Mwenye shughuli alipomwita mtu mmoja, mpiga besi hakuwemo tangu mwanzo.)

Watu wakianza kucheza, hapo nakubaliana na fundi bila ubishi. Wachezaji wanaitaka kiki, utapandisha sauti, na koni inaweza kuchanika au koili (waya unaoisukuma koni) kuungua. Lakini kwenye sherehe nyingi mziki wa MC tayari upo. Mwombe fundi wake chaneli moja, biti iende huko, amplifaya ibaki na gitaa. Mziki ukichelewa, anza na ulichonacho wakati wageni wanatafuta viti.