Kuosha mzizi wa jino: bomba la sindano, mashine, na maumivu ya usiku wa kwanza

Mgonjwa wa tiba ya mzizi wa jino huogopa vile vyuma vyembamba vya kukwangulia. Lakini vyuma peke yake havimalizi kazi. Peters na wenzake walionyesha mwaka 2001, kwa vipimo vya eksirei ya kompyuta, kwamba asilimia 35 au zaidi ya kuta za mfereji wa mzizi haziguswi na chuma chochote. Kinachofika huko ni dawa ya kuoshea, ambayo kwa kawaida ni sodiamu hipokloriti, kemikali ileile iliyomo kwenye Jik. Huua bakteria na kuyeyusha mabaki ya kiini (nyama laini ya ndani ya jino) kilichooza. Ikivuka ncha ya mzizi, huunguza nyama hai ya taya vilevile, wala haibagui.

Mvutano wote umeanzia hapo. Bomba la kawaida hupeleka dawa milimita moja au mbili tu mbele ya ncha ya sindano, na hewa iliyonaswa chini ya mfereji huizuia isiendelee. Daktari akishusha sindano zaidi au akisukuma kwa nguvu, mfereji utaoshwa vizuri zaidi, ila dawa na uchafu navyo vinaweza kupenya nje. Uchafu huo hutajwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya maumivu yanayoanza ganzi ikiisha.

Mfumo wa EndoVac uligeuza utaratibu huo: dawa humiminwa juu ya jino, kisha kimrija kilichoshushwa hadi karibu na ncha huinyonya kutoka chini. Mwaka 2010 Gondim na wenzake waliulinganisha na sindano kwa wagonjwa 110. Waliooshwa kwa kunyonya waliumwa kidogo kuliko wa sindano katika saa 4, 24 na 48, na walimeza dawa chache za maumivu. Matokeo hayo nayaamini, kwa kuwa yanaafikiana na jinsi mfumo wenyewe unavyofanya kazi.

Hata hivyo, meno yaliyopimwa yalikuwa ya mzizi mmoja. Kimrija kina unene wa milimita 0.32, hivyo mfereji lazima upanuliwe kupita kipimo hicho. Kwenye jino la mbele hilo ni jambo jepesi. Kwenye gego lenye mizizi myembamba iliyopinda, kupanua kiasi hicho kuna hatari yake, na magego ndiyo yanayowatoa watu wengi machozi.

Mashine za kutikisa dawa kwa mawimbi ya sauti zina hoja dhaifu zaidi. Maabara husifu usafi wake, na mapitio kadhaa ya tafiti yanaelekea kusema zinapunguza maumivu ya siku ya kwanza, lakini tofauti si kubwa. Isitoshe, daktari anajua ameshika nini, na mgonjwa anaisikia ikivuma mdomoni. Ni vigumu kuitenga imani na athari ya kifaa. Maumivu pia hayapimi usafi. Jino linaweza kunyamaza huku bakteria wamebaki kwenye ncha, na ni eksirei ya miezi kadhaa baadaye itakayosema. Liang na wenzake walipolinganisha kupona kwa mfupa mwaka 2013, wenye mawimbi hawakuwapita wenye sindano kwa kiasi cha kuaminika.

Watetezi wa sindano hutegemea mapitio ya Pak na White ya mwaka 2011: wenye maumivu walikuwa asilimia 81 kabla ya tiba, 40 baada ya siku moja, 11 baada ya wiki. Yataisha yenyewe, wanasema. Ni rahisi kusema hivyo kama siyo wewe unayekesha umeshika shavu.

Mimi ningeanza na visivyohitaji mkopo wa benki. Mostafa na wenzake, mwaka 2020, walilinganisha hipokloriti ya asilimia 1.3 na ya 5.25 kwenye magego ya chini yenye kiini kilichokufa, na ile kali ikaleta maumivu zaidi. Nyepesi huyeyusha polepole, basi itumike nyingi na kwa muda mrefu. Vera na wenzake (2018) walimalizia kuosha kwa salaini (maji ya chumvi) ya baridi, nyuzi 2.5, na maumivu yakapungua, ingawa wao waliipeleka kwa kimrija cha EndoVac. Ongeza sindano yenye tundu ubavuni, isiyobanwa kwenye mfereji, inayoishia kama milimita mbili kabla ya mwisho. Kliniki isiyotumia hata mpira wa kuzingira jino, unaolitenga na mate, haina haraka ya kununua mashine.

Hata hivyo, aliyeingia akiwa na maumivu makali ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kutoka nayo, aoshwe kwa njia yoyote. Na jino lililozibwa likabaki refu kuliko mengine litauma kila akitafuna. Hilo huondolewa kwa kulisaga kidogo pale juu, kazi ya dakika chache.