Hizo pini za sahani msizing'oe

Jumapili moja hapa Stoke-on-Trent, Uingereza, nilienda kwenye soko lile la uwanjani, lile ambalo mtu anakuja na gari lake, anafungua buti, anatoa meza anapanga vitu alivyochoka navyo nyumbani, na kwenye meza ya mzee mmoja nikaona sahani ya bluu na nyeupe, ile michoro ya Willow, mnaijua hata kama jina hamlijui, kuna daraja, watu watatu wanavuka, juu kuna ndege wawili wanaangaliana. Mzee akaniambia hiyo imepasuka, chukua kwa pauni mbili. Kwa mbele ulikuwa unaona kamstari tu kama unywele umedondokea sahani, kamepita katikati ya wale ndege kakashuka mpaka darajani. Nikaigeuza. Nyuma kulikuwa na pini tisa za waya, zimekatiza ufa moja baada ya nyingine kama mshono wa kidonda, zimeshika kutu kidogo. Nikaishika vipande viwili huku na huku nikajaribu kuikunja, haikucheza hata kidogo. Mtu alifanya ile kazi zamani sana, ameshakufa, na kazi yake bado imeshika.

Tangu siku hiyo mimi ni mtu wa vyombo vilivyoungwa, na leo nataka niseme jambo moja tu kwa wale wanaonunua na kuuza hivi vyombo vya zamani vya Kiingereza, na hata kwa wale wanaorithi sanduku la bibi: hizo pini msizing'oe. Nimechoka kuona watu wanazitoa, wanajaza matobo, wanapiga rangi, halafu wanaweka picha onlaini eti sahani "nzima". Mimi naona hapo mmetupa kitu cha maana kuliko sahani yenyewe.

Hebu fikiria ile kazi ilivyokuwa inafanyika. Fundi anakaa na kekee ya mkono, ile inayozungushwa kwa uta kama waliyokuwa wanatumia maseremala wetu wa pwani, kwenye ncha kumewekwa kipande kidogo cha almasi kwa sababu chuma cha kawaida kinateleza tu juu ya kauri. Anatoboa upande wa nyuma, na hatoboi hadi kutokea mbele, anaishia katikati ya unene wa sahani, na sahani yenyewe unene wake ni milimita chache tu, yaani mkono ukizidi kidogo umeharibu mali ya watu. Halafu anakata waya, anakunja ncha zote mbili, anaufanya uwe mfupi kidogo kuliko umbali wa matobo mawili ili ukiingia uwe unavuta, vipande vibanane vyenyewe. Anaziba na plasta. Hakuna gundi hapo, ni waya na mvuto tu. Mafundi hawa walikuwa wanatembea mlango kwa mlango kama mafundi wa kuziba masufuria kwetu, mama mwenye nyumba anatoa sahani yake iliyopasuka, fundi anakaa kizingitini anapiga kekee.

Na sahani ni kazi ya kawaida, mabuli ndiyo yananimaliza kabisa. Mwaka 1784 serikali ya Uingereza ilishusha kodi ya chai kutoka asilimia 119 mpaka 12.5, watu wa kawaida wakaanza kunywa chai kwa nguvu, na buli ukiliangalia utajua litavunjikia wapi, mlomo, mkono, kifuniko, hivyo vitatu ndivyo vinavyotokeza na ndivyo vinavyogonga kila kitu. Sasa mlomo umekatika, buli zima la bei limebaki na tobo, unafanyaje? Unampelekea fundi bati. Anakata bati, analikunja anatengeneza mlomo mpya, anautia lehemu na ukosi wake unaokumbatia lile tobo. Kazi ya mikono ileile inayotengeneza koroboi. Nimeona buli la udongo mweupe lenye maua yaliyochorwa kwa brashi ya nywele chache, maua laini mpaka unaogopa kuyagusa, na mbele yake umetokeza mlomo wa bati mweusi umenyooka kama bomba. Wenye pesa walikuwa wanaweka mlomo wa fedha. Mabuli mengine yalifungwa mkono wa bati ukazungushiwa henzerani usiwaunguze watu vidole, na glasi iliyovunjika mguu ikawekewa kitako cha mti. Bristol kulikuwa na fundi anaitwa Coombs, wa Queen Street, yeye alikuwa anaunga vipande kwa unga wa kioo halafu anavichoma tena kwenye tanuri, na akimaliza anaandika jina lake na mtaa wake chini ya chombo. Huyo nampenda sana kwa hilo. Wengi wa wenzake hatuwajui hata kwa herufi moja, saini yao ni zile pini, na ndizo mnazoziondoa.

Mimi naishi kwenye mji ambao watu wake walifinyanga vyombo vingi vya namna ninayoizungumzia hapa, na hapa huwezi kukaa wiki usisikie jina la Josiah Wedgwood, mfinyanzi aliyekuwa na kiwanda chake cha vyombo. Alizaliwa Burslem, hapahapa kwetu, mwaka 1730, akaugua ndui utotoni, goti la kulia likabaki bovu, na mwaka 1768 wakamkata mguu, wakati huo dawa ya usingizi ya upasuaji haijagunduliwa. Maisha yake yote yaliyobaki alitembea na mguu wa mti. Inasimuliwa hapa kwamba alikuwa akipita kiwandani akiona chombo kina kasoro anakivunja kwa mguu huohuo wa mti, anasema hiki hakifai kwa Wedgwood. Huyu bwana ndiye aliyechimba jembe la kwanza la mfereji wa boti wa Trent na Mersey mwaka 1766, na sababu moja kubwa ni kwamba vyombo vilikuwa vinasafirishwa kwa migongo ya farasi kwenye barabara mbovu, vinavunjika njiani, majini vinafika salama. Mtu alipigana na kuvunjika kwa vyombo umri wake wote. Halafu vyombo vikifika nyumbani kwa watu vinavunjika, vinawekewa mlomo wa bati vinaendelea na kazi, kama yeye mwenyewe alivyowekewa mti akaendelea na kazi. Kila nikiliona buli la namna hiyo namfikiria yeye, siwezi kujizuia.

Sasa niseme linaloniuma. Miaka miwili iliyopita nilinunua jagi la kutoka mji wa Sunderland, lile lenye rangi ya waridi inayong'aa na picha ya daraja la chuma la mto Wear, lililofunguliwa mwaka 1796. Mkono wake ulikuwa wa bati, na ubavuni kulikuwa na pini nne. Nikampelekea fundi mmoja wa kurekebisha vyombo, nilitaka asafishe tu kutu, maana ilikuwa imeanza kutia doa la kahawia kwenye kauri. Niliporudi nikakuta pini hazipo, matobo yamezibwa, mkono wa bati umetolewa na umewekwa mwingine wa plasta umepakwa rangi ya waridi, akanikabidhi kwa furaha, na nadhani kweli aliona amenifanyia hisani. Nikamuuliza ule mkono wa bati uko wapi, akasema ameshautupa. Nilishindwa hata kuongea. Lile jagi lipo kabatini, sina hamu nalo, ni jagi tu sasa, kuna mengi mazuri kuliko hilo.

Najua kuna watu watasema kutu inakula chombo, na ni kweli, pini za chuma zikilowa zinaacha madoa na zinaweza hata kupanua ufa. Basi usiloweke. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, kausha hapohapo, weka mahali pakavu. Na tafadhali usinywee chai kwenye buli lenye lehemu ya zamani, mara nyingi ile ina madini ya risasi, ni sumu. Kama pini imelegea kabisa na vipande vinaachana hapo sawa, tafuta mtu anayejua, lakini mwambie mapema nini abakishe, mwandikie kwenye karatasi kabisa.

Halafu kuna hili la Wajapani na ile sanaa yao ya kuunga kwa laka na dhahabu, siku hizi kila mahali unaikuta, kwenye mabango, kwenye semina. Ni nzuri, sibishi. Ila mimi moyo wangu uko kwa fundi bati wa Uingereza ambaye hakuwa anatafuta uzuri wowote, alikuwa anataka Jumatatu asubuhi chai imiminike. Hata wakati wa vita vya pili vya dunia, kuanzia mwaka 1942, viwanda vya hapa vilikatazwa kuuza vyombo vyenye michoro ndani ya nchi, vyeupe vitupu tu, na marufuku hiyo ilidumu mpaka 1952, kwa hiyo mama aliyepasukiwa sahani yake ya maua miaka ile hakuwa na duka la kwenda kupata nyingine. Baadaye zikaja gundi za epoksi na ufundi wa pini ukafa.

Ile sahani yangu ya pauni mbili nimeitundika sebuleni. Lamu nimeona nyumba za zamani zina sahani za ng'ambo ukutani na kwenye zidaka, na Kunduchi sahani zimepachikwa mpaka makaburini, siku zote uso umeangalia watu. Yangu nimeigeuza. Ndege na daraja vimeangalia ukuta, mgongo ndio umeangalia chumba, na mgeni akiingia cha kwanza anachokiona ni zile pini tisa, na karibu na ile ya saba kuna tobo moja dogo lisilo na waya, fundi alianza hapo, akaona si penyewe, akasogea kidogo akatoboa tena.