Flashi Iliyoingia Mara ya Kwanza

Ofisini kwetu fundi ni mimi. Hakuna aliyeniteua, nilijiteua mwenyewe siku nilipochomeka printa ikakubali, na tangu hapo kila chenye waya kikawa changu.

Siku ya mkutano wa mwaka ukumbi ulijaa. Projekta yetu ni ya zamani, inaijua VGA peke yake, ule mtindo wa tangu 1987: mdomo wa bluu, matundu 15, skurubu mbili ubavuni. Binti wa mafunzo kazini akaleta laptopu yake nyembamba, yenye vitundu viwili tu vya USB-C.

"Kaka, hii haiwezi kuingia?"

Nikacheka kicheko cha wataalamu. Nikaburuta kompyuta ya mezani, ya enzi zile tundu la kibodi ni la duara na zambarau, la mausi ni kijani, na hata mlevi hakosei.

Ubaya wa hizi kompyuta, matundu ya maana yote yako mgongoni, na mgongo umeegemea ukuta. Mtu mwingine angeligeuza kasha. Mimi nilipiga goti, nikapenyeza mkono nyuma, nikatazama dari. Fundi haangalii, fundi anapapasa.

Nikakuta waya wenye kiulimi cha plastiki kichwani. Nikauminya, tik, ukatoka. Nikaona unanizibia njia tu, nikauacha uning'inie. Kidole kikapata tundu. Nikachomeka flashi yenye slaidi za mkutano, ikaingia. Mara ya kwanza.

Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Wewe umeona wapi USB ikaingia mara ya kwanza? Unachomeka, inagoma. Unageuza, inagoma. Unairudisha kama ilivyokuwa mwanzo, inaingia kama si yeye aliyekuwa akikusumbua. Ikiingia bila ugomvi, ujue ina lake jambo.

Kompyuta kimya. Nikasubiri. Kimya. Nikasimama, nikapangusa magoti, nikatangaza kama daktari anayetoka chumba cha upasuaji: "Flashi imekufa. Virusi." Na mhadhara juu: kuhusu watu wanaochomeka flashi popote wanapoona tundu.

Bosi akasema, "Si kuna nakala kwenye seva?"

Kweli ipo. Nikaitafuta: hakuna mtandao. Nikatangaza na msiba wa pili. Wenzangu wakachungulia laptopu zao, kwao mtandao upo, tena una kasi.

"Basi virusi vimeshakula na mtandao," nikasema. Sijui nilikitoa wapi kile kisomo.

Jasho likaanza kunitoka. Nikazima projekta, nikazima kompyuta, nikachomoa vyote nikachomeka upya, bado natazama dari. Flashi nikairudisha tundu lile lile, maana sasa nilishajua njia. Kioo cha mezani kinatumia DVI, mdomo mpana mweupe, huo haukunipa shida. Shida ilikuwa VGA. Kichwa chake kina umbo la herufi D, juu kipana chini chembamba, ili mtu mwenye macho asikosee. Mimi na dari yangu nikakisukuma, kikagoma. Nikakishindilia kwa kiganja, kikagoma. Nikakigeuza, kikaingia, lakini nilishahisi kitu kimelala mle ndani kama jani lililokanyagwa. Nikakaza skurubu, nikanyamaza.

Binti akaomba apite. Akapiga magoti, akawasha tochi ya simu, akachungulia. Akakaa kimya, kimya cha mtu anayetafuta adabu ya kulisema jambo.

"Kaka, samahani. Hii flashi iko kwenye tundu la mtandao."

Jamani, vinafanana! Kichwa cha USB kina upana wa milimita 12 hivi, na cha waya wa mtandao kinakaribia hapo hapo. Flashi ilikuwa imetulia mle, ikitazamana na vijiwaya vinane visivyoijua wala kujuana nayo. Na ule waya wa kiulimi niliouacha unaning'inia? Ndiyo mtandao wenyewe. Kwa mkono mmoja nilikuwa nimeiua flashi na kuizika seva.

Akachomoa flashi, akarudisha waya, tik, mtandao ukafufuka. Akahamia tundu la USB. Flashi ikagoma. Akageuza, ikagoma. Akageuza tena, ikaingia, na kompyuta ikatoa ule mlio wake. Nilitamani kulia.

Watu wakapiga makofi, si kwangu. Projekta ikawashwa, ikapasha moto taratibu, na ukurasa wa kwanza ukatokea ukutani: picha kubwa ya bosi akitabasamu.

Ila ya manjano.

Katika zile pini 15, moja hubeba nyekundu, moja kijani, moja bluu. Ya bluu iko katikati ya safu ya juu, na ndiyo niliyoilaza kwa kiganja. Bluu ikikosekana, cheupe chote kinakuwa manjano. Shati la bosi manjano, meno manjano, macho manjano kama ya mgonjwa wa ini.

Bosi akaitazama ile sura muda mrefu. Kisha akanigeukia, kwa upole kabisa.

"Na mimi umenichomeka wapi?"