Darasa la kimya halijengi ufahamu

Inanikera darasa linaposifiwa kwa kutulia tuli, halafu mtihani wa ufahamu ukija watoto walewale wanaambiwa hawajui kusoma. Kusoma wanajua! Wape ukurasa, watautiririsha bila kukwama hata silabi moja. Uliza kwa nini mhusika alikimbia, hapo ndipo wanaponyamaza.

Watafiti wa usomaji, Gough na Tunmer, walilieleza jambo hili mwaka 1986: ufahamu wa kusoma ni uwezo wa kutambua maneno mara uwezo wa kuelewa lugha inayosemwa. Ni kuzidisha, si kujumlisha. Upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri. Katika lugha inayosomwa jinsi ilivyoandikwa, kama Kiswahili, upande wa kwanza humudiwa mapema. Kinachomkwamisha mtoto baadaye ni msamiati, sentensi ndefu, na mambo ambayo mwandishi ameyaacha msomaji ayang'amue mwenyewe. Hayo huanza kujengwa kwa masikio na kinywa.

Basi zungumzeni kabla ya kufungua kitabu. Chagua maneno manne au matano, si ishirini, yanayobeba habari. Litamke neno, walirudie, lieleze kwa maneno mepesi, kisha kila mmoja amtungie mwenzake sentensi yenye neno hilo. Hatua hii ya mwisho ndiyo hurukwa sana, na ndiyo yenye kazi: aliyenakili maana ubaoni tu atakutana na neno hilo kwenye habari na kulipita kama mgeni. Baada ya kila aya, simameni. Mmoja asimulie bila kutazama kitabu, mwenzake amsahihishe. Uliza "umejuaje?", kisha subiri. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe aliona walimu husubiri kama sekunde 1 tu. Wakifikisha 3, majibu hurefuka na wanaokaa kimya hupungua. Mtoto akisema "aliogopa", usimpongeze ukapita. Aliogopa nini? Kipi kinaonyesha hivyo?

Silabi lazima zifundishwe, sibishi. Na ndiyo, watoto 60 wakiongea pamoja ni kelele. Lakini ukiwauliza mmoja mmoja, wengi wao kipindi kitaisha hawajafungua kinywa. Wawiliwawili, nusu ya darasa inaongea kwa wakati mmoja na nusu inasikiliza. Pita katikati ya madawati, sikiliza jozi tano au sita, na neno utakalosikia likitumiwa vibaya lirudie na darasa zima kabla hamjaendelea na aya inayofuata.