Onyo la Kompaila Tuligeuze Kuwa Kosa?

Kijana mmoja ninayemfundisha lugha ya C hapa Wandegeya, Kampala, aliniletea programu aliyoiandikia sako, yaani chama cha akiba na mikopo, ya mtaani kwao. Akiba ya kila mwanachama ilionekana sawasawa, ila jumla ya sako nzima ilisomeka −2,144,967,296. Fedha halisi ilikuwa shilingi 2,150,000,000. "Mwalimu, kompaila haikusema kitu," aliniambia, akimaanisha programu inayogeuza msimbo aliouandika kuwa lugha ya mashine, na alisema kweli. Alikuwa amewasha swichi ya -Wall, ambayo kwa jina lake wengi huamini kwamba huleta maonyo yote.

Haileti yote. Katika GCC, kompaila tuliyoitumia, -Wall ni fungu la maonyo yaliyochaguliwa. -Wextra huongeza mengine, na hata ukiziweka zote mbili, -Wconversion, inayoonya namba inapogeuzwa aina na huenda ikaharibika, bado iko nje katika lugha ya C. Jumla ya kijana yule ilihesabiwa vizuri ndani ya kigeu cha biti 64, kisha ikarudishwa na funksheni iliyotangazwa kuwa int, yaani biti 32, ambayo kikomo chake ni 2,147,483,647. Anayehesabu dola huenda asikutane na kikomo hicho maisha yake yote. Kwa shilingi ya Uganda, sako haihitaji kuwa kubwa sana kukivuka. Na anayedhani atapona kwa kutumia float, aina ya namba zenye desimali, ajue kwamba aina hiyo huanza kupoteza shilingi mojamoja ikishapita 16,777,216, kiasi ambacho gari la mtumba hukifikia.

Tulipoongeza -Wconversion, mstari wenye kosa ulitajwa papo hapo. Lakini ulitajwa katikati ya maonyo mengine mengi yasiyo na madhara, mpaka yakapanda juu ya skrini yakapotea. Hapo ndipo ulipo ubishi wangu na walimu wenzangu.

Wapo wanaotaka mwanafunzi aanze na -Wall -Wextra -Werror tangu siku ya kwanza. Hiyo ya mwisho hugeuza kila onyo kuwa kosa, na programu haitoki mpaka yote yasafishwe. Hoja yao ina uzito: onyo lisilozuia kazi halisomwi. Programu ikishakimbia, nani atarudi nyuma kusoma maneno ya kompaila? Mwaka 2014 Apple ililazimika kutoa rekebisho la haraka kwa sababu mstari "goto fail;", amri ya kurukia mahali pengine, ulikuwa umeandikwa mara mbili. Ule wa pili haukuwa chini ya sharti lolote, ukaruka ukaguzi wa saini katika miunganisho iliyodhaniwa kuwa salama, na msimbo uliofuata ukawa haufikiwi kamwe. Clang, kompaila nyingine, ilikuwa na swichi ya -Wunreachable-code iliyoweza kuliona kosa hilo, lakini haikuwa ndani ya -Wall. GCC 6 ya mwaka 2016 ndiyo iliyotia ndani ya -Wall onyo jipya kuhusu mistari iliyosogezwa kwa namna ya kupotosha msomaji.

Upande wa pili nao hauropoki. Toleo jipya la kompaila huja na maonyo mapya, na programu iliyokubaliwa jana hukataliwa leo bila mtu kuigusa. Septemba 2021 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliiwasha -Werror kwa kila ujenzi wa kiini chake, yaani kila msimbo wake unapogeuzwa kuwa programu. Malalamiko yakaja, na haukupita muda akailegeza, ikabaki kuwashwa yenyewe kwa ujenzi wa majaribio tu.

Linalonitia hofu zaidi ni jinsi mtu anavyojifunza kulinyamazisha onyo badala ya kulielewa. Mwaka 2006, OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, iliyokuwa ndani ya Debian, toleo mojawapo la Linux, iliondolewa mistari kwa sababu zana ya kukagua kumbukumbu ililalamika kwamba kuna data isiyopewa thamani ya mwanzo. Lalamiko likaisha. Pamoja nalo ikaisha karibu data yote ya kubahatisha iliyokuwa ikizalisha funguo za siri, ikabaki namba ya mchakato peke yake, ambayo haikuzidi 32,768. Hilo halikugunduliwa mpaka Mei 2008. Mwanafunzi aliyebanwa na -Werror hufanya jambo lile lile kwa kiwango chake: anaandika (int) mbele ya jumla, onyo linatoweka, na hasara inabaki pale pale.

Kwa hiyo mimi nasimama hivi. Kwenye mashine ya mwandishi, -Wall na -Wextra ziwe zimewashwa daima, na maonyo machache yageuzwe makosa kwa kutajwa majina, kama -Werror=return-type, inayokamata funksheni iliyosahau kurudisha thamani. Msimbo unaokabidhiwa watu wengine wakaujenge wenyewe usiwe na -Werror, kwani hujui watatumia toleo gani. Nayo -Wconversion iwe kama ukaguzi wa hesabu kabla ya makabidhiano: unakaa chini, unasoma onyo mojamoja, na usipolielewa hulifuti. Yote haya hayahitaji hata bando.

Orodha ya programu inayochapwa na kompaila nayo ina ubishi wake. Kompaila za zamani zilichapa msimbo wote ukiwa na namba za mistari, makosa, na jedwali la kila jina na mahali linapotumika. Za IBM za COBOL, lugha ya zamani ya kazi za biashara, bado zina chaguo za SOURCE, XREF na MAP za kuchapa orodha hizo. Wenzangu kadhaa wanaona huo ni upotevu wa karatasi. Mimi nimeona mwanafunzi akiwa na kalamu mkononi na kurasa tatu alizochapisha dukani akilikuta kosa ambalo kwenye skrini alilipita wiki nzima. Ila orodha ya lugha ya asembli, yaani amri za prosesa moja moja, ile ya -Wa,-adhln, simpi anayeanza. Ni ukungu mtupu kwake, isipokuwa kama kuna swali moja analolitafutia jibu.

Kijana wa sako alikuwa nalo. Tulichapisha ukurasa mmoja, nikamwonyesha kwamba baada ya wito wa funksheni yake, programu ilichukua eax tu, nusu ya chini ya rax, kihifadhi cha biti 64 ndani ya prosesa. Akaizungushia wino mwekundu, akauliza nusu ya juu ilikuwa na nini. Tukahesabu pamoja: sifuri tupu. Shilingi zote zilikuwa zimetosha ndani ya zile biti 32 za chini. Kilichoharibika ni biti ya mwisho kushoto, ambayo int huisoma kuwa alama ya hasi.