Tokeni ya Kuingia Mara Moja: API Iipokee Kila Ombi au Iibadilishe kwa Kikao?

Mfanyakazi akishajitambulisha asubuhi kwenye mfumo wa kuingia mara moja, hupewa tokeni inayomfungulia programu nyingine za ofisi bila kuandika nywila tena. Waunda programu hutofautiana katika jambo moja: je, API, yaani mlango ambao programu huutumia kuomba data kwenye seva, iipokee tokeni hiyo katika kila ombi, au iikague mara moja tu kisha ifungue kikao chake yenyewe, yaani kumbukumbu inayowekwa kwenye seva kuonyesha nani ameingia?

Wanaotetea njia ya kwanza wana hoja nzito. Tokeni ya JWT (JSON Web Token), muundo wa tokeni uliowekewa kiwango rasmi mwaka 2015, inaweza kubeba jina la aliyeitoa, huduma iliyokusudiwa, muda wa kwisha na saini ya kidijitali, hivyo seva yoyote yenye ufunguo wa umma, ule wa wazi wa kukagulia saini, huihakiki haraka bila kuuliza hifadhidata.

Hata hivyo, seva isiyoweka kumbukumbu haina cha kufuta. Aliyeachishwa kazi saa tatu ataendelea kukubaliwa hadi tokeni yake iishe muda. Tena, tokeni ya umeme ya LUKU ina tarakimu 20 zilizotengenezwa kwa mita moja tu, ilhali tokeni nyingi za mtandaoni humtumikia yeyote aliyezishika. Tokeni za akaunti zipatazo milioni 30 za Facebook zilipoibwa mwaka 2018, kampuni ilizibatilisha tokeni za akaunti milioni 90, zikiwemo zilizofutwa kwa tahadhari tu. Uwezo huo wa kufuta ndio ninaouthamini kuliko kasi.

Kikao nacho huibwa. Mwaka 2023 wavamizi walichukua mafaili ambayo wateja wa Okta, kampuni inayotoa huduma ya kuingia mara moja, walikuwa wameyatuma kuomba msaada, wakakuta ndani yake tokeni za vikao, na vikao vya wateja watano vikatekwa.

Kosa linalonisikitisha zaidi hutokea mlangoni, wakati wa kubadilisha: msimbo huhakiki saini ukasahau kuangalia tokeni ilitolewa kwa ajili ya huduma gani, na hapo tokeni halali ya programu ya likizo hufungua kikao kwenye API ya mishahara. Ukaguzi huo ukiwepo, kwa API ya mishahara au ya taarifa za wagonjwa ningechagua kikao kifupi kinachofutika. Kwa ile inayosoma tu ratiba za mikutano, tokeni yenye uhai wa dakika chache inatosha.